Bahasha ya Hakimu

Mimi si mtu wa maneno. Nanyoa watu, nasikia mengi, nanyamaza. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia msidhani nilishiriki. Nilikuwepo tu, kama kioo changu kilivyokuwepo ukutani.

Kijiwe chetu ni baraza moja refu. Naanza mimi na kiti changu cha kunyolea, inafuata meza ya Shangazi muuza kahawa, kisha mashine ya Pindo fundi cherehani, na mwisho kabisa baiskeli za Spana zimelala chali. Karani hana biashara pale. Alistaafu kazi ya ofisini akabaki na kalamu tatu mfukoni na mazoea ya kuwahi, basi huwahi kwetu.

Siku ile aliyeanza ni Spana, gazeti mkononi, vidole vyote grisi.

"Jamani, sikieni! Shule ya Masista, ile ya wasichana. Nafasi arobaini, waombaji mia tisa! Mwisho wa kurudisha fomu leo saa kumi alasiri."

"Mia tisa?" Shangazi akashika kiuno. "Hata peponi hakuna msongamano huo."

"Ya peponi umeyajuaje, Shangazi?" Spana akauliza.

"Nitayajua. Wewe ndiye hutayajua."

Karani akakohoa, kikohozi cha mtu mwenye taarifa. "Pale hawachukui mtoto, wanachukua ukoo. Zamani waliuliza mpaka bibi yako alikuwa anafagiaje uwanja."

"Ili iweje?"

"Nidhamu, bwana! Binti aliyesoma pale hata kupiga chafya anaomba ruhusa."

"Binti wa mwenye duka la dawa alisoma pale, leo ni rubani," Spana akasema. "Sasa akiwa angani anaomba ruhusa ya chafya, ndege anamwachia nani?"

Tukacheka mpaka kikombe kimoja kikapinduka. Pindo hakucheka. Na Pindo ni mtu anayecheka kabla mzaha haujaisha, halafu anauliza ulikuwa unasemaje.

"Mbona umezima mashine?" Shangazi akamuuliza.

"Sijazima. Inapumzika."

"Mashine ya kukanyaga kwa miguu inapumzika?"

Pindo akafungua droo, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe, akakifungua taratibu kama anamvua mtoto mchanga nepi. Ilikuwa fomu ya Masista.

Hapo hata Spana alikunja gazeti. Binti wa Pindo tunamjua wote, ana miaka kumi na mitatu, na jina lake pale barazani ni Hakimu kwa sababu ndiye anayeamua ugomvi wetu wa drafti. Mwalimu wake alishamwambia Pindo, "Mkimwacha kwangu mwaka mmoja zaidi, ataishia kunifundisha mimi." Na Masista hupokea ombi mara moja tu. Ukikosa mwaka huu, mwakani hawakutaki.

"Maswali yote nimejaza," Pindo akasema. "Limebaki la kumi na saba. Wiki tatu nalitazama, nalo linanitazama."

Karani akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mahakamani: "Mzazi ataje kosa moja la binti yake. Andika ukweli."

"Rahisi!" Spana akaruka. "Andika hana kosa."

"Umemharibia," Karani akasema. "Asiye na kosa ni malaika, na malaika haombi bweni. Andika: *Anasoma kupita kiasi.*"

"Hiyo si ni sifa imevalishwa koti?" Shangazi akasema. "Mia tisa wote wameandika hiyo hiyo."

"Basi andika alinidhulumu drafti," Spana akasema.

"Wewe uliiba kete ukaificha mdomoni!"

"Niliihifadhi."

Mimi nikaona nitoe mchango wa maana. "Kosa lake ni kusema kweli mbele za watu. Juzi mteja wangu ameridhika kabisa, anasimama aondoke, mtoto anamwambia upande wa kushoto umesahauliwa."

"Na ulikuwa umesahauliwa," Shangazi akasema.

"Hilo si hoja."

"Nyani haoni kundule," Karani akahitimisha. "Mzazi akimtazama mwanawe anaona mwezi mpevu. Wangeuliza makosa ya Pindo mwenyewe, tungejaza fomu nyuma na mbele."

"Suruali yangu ya harusi!" Spana akadakia. "Nilioa nikiwa nimefunga mguu mmoja kwa pini!"

"Wameuliza," Pindo akasema kwa sauti ndogo.

"Wameuliza nini?"

"Makosa yangu. Wamemuuliza yeye."

Akatoa bahasha ya kaki. Mbele yake iliandikwa kwa mashine, nami niliisoma kwa sababu ilikuwa mbele ya macho yangu, sikuchungulia: *Humu mwanafunzi ametaja kosa moja la mzazi wake. Imefungwa na mwanafunzi. Mzazi ailete pamoja na fomu. Ikifunguliwa, ombi halitashughulikiwa.*

Kijiwe kizima kikasema "Eeeh!" kwa pamoja, kama kwaya.

"Sasa kwa nini wampe mzazi aibebe?" Shangazi akauliza. "Masista hawana posta?"

Swali la maana pale kwetu huwa halijibiwi.

"Jamani, kuna jambo," Pindo akasema, kipaji cha uso kinamtoka jasho. "Pale kwenye elimu ya mzazi, Karani aliniambia niandike kidato cha nne."

"Nilikushauri," Karani akasema. "Sikukulazimisha."

"Na niliishia darasa la tano. Na Hakimu anajua. Na Hakimu hasemi uongo hata umpe peremende. Je, kama ndiyo aliyoandika humu? Fomu inasema hivi, bahasha inasema vile. Mtoto wangu atafukuzwa kabla hajaingia, kwa mdomo wangu!"

Macho yote yakasogea polepole mpaka kwenye birika.

"Msiniangalie," Shangazi akasema. "Birika langu ni la kahawa, si la uhalifu."

"Kisheria," Karani akaanza, na akianza hivyo ujue sheria inakaribia kuvunjwa, "mzazi ni mlinzi wa mtoto, na mlinzi ana haki ya kukagua mzigo. Tena bahasha ikijifungua yenyewe kwa sababu ya unyevu, hiyo ni hali ya hewa."

"Ni dhambi ya mauti au nyepesi?" Pindo akauliza. Yeye ni Mkatoliki wa kukaa karibu na mlango, lakini ni Mkatoliki.

"Kwa mvuke ni nyepesi," Karani akahukumu. "Kwa mkasi ndiyo ya mauti."

Shangazi akashusha pumzi. "Mimi nimekataa, mmesikia? Nimekataa." Halafu akasogeza birika ukingoni mwa meza. "Ila mvuke siuzi. Ukitoka, umetoka."

Spana akaishika bahasha juu ya mdomo wa birika. Nikawaambia msifanye. Nilisema wazi, mara mbili. Ya pili nilivuta kiti changu karibu ili wanisikie vizuri.

Gundi ikalegea, bahasha ikafumbuka taratibu. Pindo akatoa karatasi, akampa Karani. Karani akasoma.

*Kwa Sista. Kosa la baba yangu ni kwamba hawezi kungoja. Nikiugua huniamsha usiku kuniuliza kama nimelala. Bahasha hii ataifungua kabla ya saa kumi, na hataifungua peke yake. Karani atasema sheria inaruhusu.*

Karani akaishusha karatasi.

"Soma, bwana!" Spana akampigia kelele.

*Shangazi atakataa, halafu atasogeza birika. Spana ataishika yeye. Tafadhali angalia kona ya chini, utaona grisi. Kinyozi atasema msifanye, huku anavuta kiti.*

Uzushi mtupu. Lakini niliona si wakati wa kubishana.

*Usimkatae baba kwa hilo, Sista. Aliachishwa shule darasa la tano na hakupenda. Kila jioni huniuliza nimefundishwa nini, na mimi humfundisha. Sasa tumefika hesabu za sehemu, na tayari ananiuliza desimali. Hilo ndilo kosa lake.*

Spana akageuza bahasha. Kona ya chini, dole gumba lake limekaa pale, jeusi, limekamilika mistari yote kama kwenye kitambulisho.

Shangazi ndiye aliyepasuka kwanza. Alicheka akakaa chini, akacheka akasimama. Spana alijilaza kati ya baiskeli zake akipiga sakafu mateke. Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa juu chini. Hata mimi nilicheka, ingawa nilionewa. Pindo alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, anajifuta kwa kitambaa cha suruali ya mteja.

"Ameniacha uchi," alikuwa akisema. "Ameniacha uchi, na mimi ndiye fundi wa nguo!"

Kisha Karani akatazama saa. "Tisa na robo."

Kicheko kikakatika.

"Gundi!" Spana akasema. "Ninayo ya kuzibia mipira. Haiachii hata ukiita trekta."

"Fikiri kwanza," Karani akasema. "Ukiifunga, Sista atafungua bahasha nzima, asome ndani kwamba ilishafunguliwa. Hapo kuna mwongo. Atasema nani?"

"Mtoto," Pindo akasema.

"Na ukiipeleka wazi, kanuni imeandikwa mbele. Halishughulikiwi."

"Basi aandike nyingine!" Shangazi akasema.

"Yuko darasani, na shule yake iko upande wa pili wa mji."

Nilimtazama Pindo. Alikuwa anakunja na kukunjua kile kitambaa cheupe. Binti yake alikuwa amemtetea kwa Masista, naye kwa haraka yake ameubomoa ule utetezi wenyewe. Nilimhurumia sana, nasema kweli.

Ghafla akanyoosha mkono. "Karani, kalamu."

Akakikata *kidato cha nne* kwa mstari mmoja ulionyooka, mstari wa fundi, akaandika juu yake *darasa la tano*. Akashuka mpaka swali la kumi na saba, akaandika maneno machache, akayafunika kwa kiganja tusione. Karatasi akairudisha kwenye bahasha. Mdomo wa bahasha akauacha wazi.

"Sitamfanya mwanangu mwongo," akasema. "Spana, nipe baiskeli."

"Iliyo tayari ni ile nyekundu, lakini haina breki!"

"Kwani nani amekwambia nitasimama?"

Akatokomea, utepe wa kupimia nguo bado uko shingoni, kuku wanaruka huku na huku.

Tukangoja. Sisi tuliomcheka kwamba hana subira, tulimaliza mabirika mawili katika saa moja. Spana alifungua gurudumu zima bila sababu, akalirudisha. Mimi nilimnyoa mteja mmoja akiwa amesimama, sikumbuki upande wa kushoto nilifanyaje.

Saa kumi na moja kasoro Pindo akarudi akiikokota baiskeli, amevaa soksi za matope mpaka magotini.

"Nini hiyo miguuni?"

"Mtaro. Nilihitaji kusimama."

"Sista je? Sema, utatuua!"

Akakaa. Akaomba maji. Alikunywa taratibu kabisa, kwa makusudi, nami nikaapa moyoni kwamba anatulipizia.

"Nimemkuta Sista mkuu mwenyewe, kamama kafupi, macho kama sindano. Akaniuliza, 'Mbona bahasha iko wazi?' Nikamwambia, Sista, nimeifungua mimi, kwa mvuke wa birika. Soma, kila kitu kimo."

"Ukasema birika?" Shangazi akashika kichwa. "Ukataja la nani?"

"Alikutaja mtoto. Basi akasoma. Akarudia. Akaangalia ile kona ya grisi. Halafu akavuta sanduku chini ya meza, limejaa bahasha mpaka juu. Akachukua moja, akanipa nishike. Jamani, ilikuwa na unyevu! Akanipa nyingine, ina unyevu. Ya tatu imebandikwa kwa ugali."

"Haiwezekani!"

"Akaniambia, 'Baba, leo nimepokea mia mbili na sita. Yako ndiyo pekee iliyokuja wazi.' Nikamwuliza, na ile kanuni? Akasema, 'Nikiifuata, muhula ujao nitafundisha madawati.'"

Spana akapiga kelele ya ushindi mpaka mbwa wa jirani akamjibu.

"Kwa hiyo ameingia?"

"Mtihani Jumamosi. Amegonga muhuri mbele yangu. Huko ndani atapambana mwenyewe, na mwenyewe anatosha."

"Na swali la kumi na saba?" nikauliza. "Uliandika nini?"

Pindo akacheka kabla ya kusema, kama zamani. "Niliandika: *Kosa lake ni kwamba ananijua mno.* Sista akasoma, akakunja uso. 'Hili nalo ni kosa?' Nikamwambia, Sista, mchukue tu. Ukikaa naye mwaka mmoja akakujua wewe, ndipo utanijibu."

"Akasemaje?"

"Aliangalia lile sanduku lake. Akasema, 'Mungu anisaidie.'"

Tulikuwa bado tunashikana mabega kwa kicheko tulipomwona Hakimu anatokea kwenye kona, mkoba mgongoni. Sijui nani alianza. Nilichoona ni Karani ameshafika barabarani, anasema kuna kikao. Spana amejificha nyuma ya tairi. Shangazi analifuta birika ambalo lilikuwa safi. Pindo anakanyaga mashine kwa nguvu zote, haina hata uzi.

Mtoto akatuamkia wote kwa heshima, mmoja mmoja, kwa mpangilio ule ule wa barua yake. Akafika kwangu.

"Shikamoo, baba mdogo. Leo mmeshindaje?"

"Marahaba, mwanangu. Kazi tu. Mimi leo sijatoka hapa kwenye kioo changu."

Akatikisa kichwa kwa adabu. Kisha akatazama kiti changu cha kunyolea, nami nikageuka kukitazama. Kilikuwa bado kule, kando ya birika.