Nafasi ya Vidole Viwili

Jumatatu, tarehe 4

Mjukuu anaunda kompyuta. Kasha lenyewe dogo, kama la viatu vya mtoto, na amelikalisha juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa bila hata kuomba radhi. Humo atachora ramani za nyumba kwa ajili ya mhandisi. Kazi inaanza Ijumaa. Kimebaki kitu kimoja: kipoza. Ni kifeni kilichokalia vyuma, kazi yake kupuliza ubongo wa mashine usiungue. Kiwe cha bei nafuu, kisizidi milimita 47 kwenda juu. Ameniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kana kwamba mimi kipofu.

Mashine isipofanya kazi Ijumaa, anahamia kwa bibi yake wa upande wa baba. Kule kuna kompyuta na chumba kitupu. Mkwe mwenzangu huyo ninamwita Bi Kiyoyozi. Nyumba yake baridi, salamu zake vilevile. Mtoto nimemlea mimi! Nikasema kipoza nitakichagua mwenyewe. Akanirudia ile 47 mara mbili. Anasahau kwamba nimepima viuno vya watu miaka arobaini.

Jumanne, tarehe 5

Dukani kwa fundi wa kompyuta. Mtu mzima, miwani imefungwa uzi. Vipoza vimepangwa nyuma ya kioo, vyuma vyembamba vimesimama safu safu kama kurasa za kitabu kisichosomwa. Nikapuliza feni moja kwa mdomo. Ikazunguka polepole. Nikasahau nimefuata nini. Nikajiona msichana, nimelala sakafuni mchana, pazia linavuta pumzi na kuitoa.

Fundi akakohoa. Akanipa kimoja kifupi, bapa, rahisi kuliko vyote. Milimita 45, kitaingia bila shida. Nikamuuliza nani aliyemfundisha kupima. Nguo ya kubana hivyo hupasuka mtu akikaa. Mshonaji mwenye akili huacha nafasi ya mshono na nafasi ya kunenepa. Vidole viwili.

"Bibi, chuma hakinenepi."

"Hata marehemu mume wangu alisema hivyo siku ya kupimwa suti."

Nikachukua kirefu, kinachokizidi kile kwa vidole viwili. Kimepunguzwa bei kwa sababu hakuna anayekitaka. Wajinga!

Jumatano, tarehe 6

Mjukuu amekifunga, kwa dawa ya kijivu kama losheni. Mashine imewaka. Mfuniko umekataa. Kipoza kimetokeza juu kama mtu aliyesimama kitandani. Nikamweleza habari ya vidole viwili. Akakaa chini.

"Bibi, kasha ndilo nguo. Wewe umenenepesha mwili."

Nilikuwa na pini mdomoni.

Akasema basi, itafanya kazi kichwa wazi. Nisiiguse.

Alhamisi, tarehe 7

Kichwa wazi! Katika chumba cha kushonea, nyuzi zinaruka kama mbegu za pamba! Mjukuu ametoka kwenda kwa mhandisi kuchukua vipimo. Nimekaa na sindano ya kufumia. Feni inavuma kidogo, sauti ya mbali, kama mtu anayekumbuka wimbo na kukosa maneno. Mikono ikafuma yenyewe. Nilipozinduka kofia ilikuwa tayari, nyeupe, ukingo wa mawimbi. Imeikaa mashine vizuri mno. Bi Kiyoyozi hajui hata kushika sindano.

Ijumaa, tarehe 8

Balaa. Mjukuu aliiona kofia asubuhi, akacheka, akadhani pambo la kuiwekea mashine ikiwa imezimwa. Akaivua. Alipokwenda kuoga nikairudisha, maana nyuzi hazina likizo. Akarudi, akaanza kuchora, macho kwenye kioo tu, hakutazama pembeni. Alikuwa amefika jikoni kwenye ramani mashine ilipozimika. Akaigusa. Akavuta mkono haraka. Akainua kofia kwa vidole viwili, akaiweka mapajani mwangu.

Kisha akatoa begi chini ya kitanda.

Nikamwambia, "Ngoja."

Neno hilo sijazoea kulitumia. Hata yeye alishtuka, akanifungulia kipoza. Nikakimbia kwa fundi na ndala za ndani, kirefu ndani ya mfuko. Nikamwambia fundi kwamba mjukuu wangu alikosea kuchagua, watoto wa siku hizi. Akanibadilishia na kile kifupi, akakifunga kwenye karatasi taratibu kama anafunga yai.

Kimeingia. Mfuniko umefunga. Hadi alasiri ramani ilikuwa imefika kwa mhandisi. Begi limerudi chini ya kitanda. Nimelisukuma kwa mguu, ndani kabisa, hadi ukutani.

Jumapili, tarehe 10

Bi Kiyoyozi amepiga simu. Akauliza mtoto anakuja lini, chumba kimeshafagiliwa. Nikamwambia kwetu nasi tuna upepo.

Na ni kweli. Mjukuu anachora, mimi napinda pindo, na kati yetu kile kifupi kinavuma chini chini. Nikifumba macho chumba kinaondoka kidogo, na meza yake, na sisi wawili. Kinaelea tu. Ndipo nilipoelewa: mashine imetulia kwa sababu ilivaa kofia, hata kwa asubuhi moja.

Mjukuu amepiga marufuku kitambaa chochote juu ya mashine. Kitambaa. Sufu hakuitaja. Alipotoka kununua sabuni nimelipima kasha kwa futi yangu, kimo na mapana, na koti lake nimeshaanza kulifuma. Nimeacha vidole viwili kila upande. Kasha bado linakua.