Meko ya Bati na Mjukuu wa Februari

Jumapili, 11 Januari

Kerubo, aibu kwako. Tangu mazishi ya mama mchungaji hujakanyaga hapa, na Ottawa si mwezini. Najua unasoma daftari hili kila ukija, ukijifanya unatafuta chumvi kabatini. Haya, soma. Wewe ndiye ulinifundisha herufi ukiwa darasa la tatu, mimi ambaye sikuwahi kukalia dawati. Kwa hivyo makosa ni ya mwalimu.

Habari ni mbaya. Jepkosgei, mke wa kaka yako, anajifungua mwezi ujao. Leo mamake, Chelagat, amekuja kutoka Flemingdon Park, upande wa pili wa Toronto, na thermos yake ya chai, kana kwamba kwangu hakuna maji. Akaketi na koti. Akatangaza kwamba mtoto akitoka hospitali ataenda kwake. Mwezi mzima! Ati kwangu hapa Malvern ni baridi. Ati kule gorofani kwake kuna joto mpaka wanafungua dirisha Januari. Hilo dirisha alilirudia kama pambio.

Mtoto wa Mogaka wangu aogeshwe na Chelagat? Uji wa wimbi wa mzazi upikwe na nani? Kwetu mtoto huletwa nyumbani kwa baba yake. Atakuja hapa. Nimesema.

Tatizo moja. Nyumba ni baridi kweli.

Unayakumbuka meko ya sebuleni, yaliyokuja na nyumba? Sanduku la bati lililofichwa ukutani na kuvishwa matofali ya uongo. Chelagat alipoondoka nimekoka moto wa kuchoma fahali. Uso ukaiva, mgongo ukaganda. Jikoni kukawa baridi kuliko mwanzo! Meko haya yanakula kuni kama mgeni wa matanga, na asante yake ni moshi.

Jumanne, 13 Januari

Mogaka amemleta Eustache, yule Mkongo anayefunga meko na mabomba ya moshi. Ameingiza kichwa na tochi, akatoka na masizi puani. Akasema kwa Kiswahili chao: "Mama, hii haiko moto ya kupasha nyumba. Iko moto ya kuangalia." Ati bomba linavuta joto lote juu, na baridi inaingia kwa kila mlango kuchukua nafasi yake.

Nikauliza kama hatuwezi kutia kitu kidogo tu ndani. Akasema hapana, sanduku hili haliongezwi kitu. Dawa ni kuling'oa lote na bomba lake, kisha kuweka meko yaliyotengenezwa kupasha nyumba. Mlango wa kubana, njia yake ya hewa kutoka nje, bomba jipya. Kisha akanishika mkono akauweka kwenye matundu yaliyo chini ya meko, kisha kwenye yale ya juu. Ati hiyo ndiyo pumzi yake. Bati lisipopumua, mbao za ndani ya ukuta zitashika moto. Nisizibe kamwe.

Nikamwambia ndiyo, baba. Nimewaambia wanaume wengi ndiyo, baba.

Mogaka amesema atayabadilisha kiangazi. Kiangazi! Mtoto ana mpango wa kungoja kiangazi?

Alhamisi, 15 Januari

Nimepata akili. Chini ya kitanda kuna lile sanduku la vinyago vya mawe ya Tabaka, nililokuja nalo kuuza kanisani. Twiga walikwisha. Viboko hakuna aliyewataka. Lakini jiwe la kwetu likishika joto haliliachii, Kisii nzima inajua. Nimewapanga viboko ndani ya meko, nyuma na kando, makalio yakiota moto. Nikawasha.

Ushindi! Moto ukafa, viboko wakabaki moto. Mmoja nikamfunga kwa leso nikamweka miguuni pa Jepkosgei. Akasinzia na tabasamu.

Nilisahau wale waliopakwa rangi na nta. Harufu! Kama kiatu kimeangukia jikoni. Jepkosgei akaamka akatapika. Halafu mmoja akapasuka, paa! Kichwa kikaruka. Mogaka aliporudi kazini akataka kujua kwa nini kuna kichwa cha kiboko ndani ya slipa yake. Nikamwambia ni zawadi.

Viboko wamerudi chini ya kitanda. Yule asiye na kichwa nitampa Chelagat.

Ijumaa, 16 Januari

Leo nimepiga magoti kuzoa jivu, nikahisi upepo. Ndani ya nyumba yangu! Unatoka kwenye matundu ya Eustache. Ati pumzi.

Sikiliza. Mimi nimekoka moto tangu sijabadilisha meno, na sijaona jiko la maana linaloachwa bila kusiribwa kwa udongo. Kwetu mwanamke asiyesiriba jiko lake anasemwa kisimani mpaka na wageni. Nikavaa viatu vya theluji, nikapanda basi, nikanunua udongo wa kufinyanga kwenye duka la vitu vya sanaa. Nikaomba na samadi ya ng'ombe. Msichana wa duka akaenda kumwita meneja. Basi, nikachanganya na jivu.

Nimeziba matundu yote, ya juu na ya chini. Nimelainisha kwa maji, nikachora mapambo kwa vidole kama mama yangu alivyokuwa akichora. Pakapendeza! Nililia kidogo. Jivu liliniingia jichoni.

Na joto limekuja, Kerubo! Jepkosgei amevua sweta, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Mogaka alipita akiwa nusu usingizi, hakuona kitu. Nimempigia Chelagat simu, nikamuuliza kwa upole kama dirisha lake bado liko wazi, asije akapata homa.

Jumapili, 18 Januari

Jana ilikuwa Sabato, sikukoka moto mkubwa. Leo nimekoka wa jana na wa leo. Nikamwalika Chelagat baada ya kanisa lao.

Akaketi na koti, kwa inda tu. Jasho likamtoka chini ya kofia. Nikamtazama. Akanitazama. Akafungua kifungo. Kingine. Koti likavuliwa! Vigelegele vilinifika kooni nikavimeza, nikamwongeza chai.

Halafu yeye ndiye aliyeuliza kwa nini kalenda ya ukutani inajikunja. Nikasema ni furaha. Kisha rangi ya ukuta ikaanza kuvimba kama chapati. King'ora cha moshi kikalia. Jepkosgei akatoka nje kwenye theluji na slipa, ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Wazima moto walijaa nyumbani. Mmoja, mrefu kama mlango, akapasua ukuta kwa shoka katikati ya mapambo yangu. Mbao za ndani zilikuwa nyeusi, na kingo zake zinawaka nyekundu. Akamwambia Mogaka jambo kwa Kiingereza, na Mogaka akaketi kwenye ngazi za nje, kwenye barafu. Sikuhitaji kutafsiriwa.

Chelagat hakunicheka. Alinifunika lile koti lake. Afadhali angecheka.

Jumatano, 21 Januari

Tumehamia Flemingdon Park, sote. Nalala kitanda kimoja na Chelagat. Mwanamke huyu anakoroma mpaka sahani zinaitikia. Na joto la hapa ni la jehanamu. Mimi mwenyewe niliamka nikafungua dirisha, polepole, asisikie. Alikuwa macho. Nikamsikia anachekea ndani ya mto.

Eustache ameng'oa sanduku na bomba lake lote. Aliniletea kipande cha udongo wangu chenye alama za vidole, akakiweka mezani, akaenda zake. Ningeomba anitukane.

Lakini tazama jambo hili vizuri. Ukutani sasa kuna shimo, na shimo halingoji kiangazi. Mogaka ameagiza meko ya kupasha nyumba! Ningetii, tungekaa na baridi mpaka Julai. Nimemweleza Mogaka hivyo. Ameniomba, kwa heshima, nisimweleze tena.

Alhamisi, 12 Februari

Meko mapya yamekaa! Mazito, wanaume waliyabeba wakinung'unika kama wabeba jeneza. Mlango wa kioo unaobana, bomba nene jipya mpaka juu ya paa, hewa yake kutoka nje. Mkaguzi amekuja akapitisha. Vipande vichache vya kuni kavu, na nyumba ina joto mpaka chumba cha nyuma. Eustache amesisitiza ziwe kavu. Hapo nilimwambia ndiyo, baba, na nikamaanisha.

Na mtoto ameletwa hapa. Nyumbani kwa baba yake! Msichana. Amezaliwa juzi alfajiri, kwa hivyo upande wa Chelagat umeshinda jina, Chepkoech, kwao ndilo la msichana wa mapambazuko. Sawa. Mimi nimeshinda nyumba. Nilimshika mbele ya moto, akafungua kiganja kidogo kama anayepima joto, akalala. Kerubo, ningepasua kuta zote za Toronto kwa ajili ya kile kiganja.

Ila Chelagat amekuja naye. Na begi. Na thermos. Ati mwezi ni mwezi, hakuna aliyesema utakuwa katika nyumba gani. Anakalia kiti changu na kuniambia kuni zangu nimezipanga kama mtu anayekimbia deni.

Leo mchana Jepkosgei na mtoto walikuwa wamelala, tukabaki sisi wawili mbele ya moto. Juu ya meko mapya kuna matundu. Mengi! Joto zuri kabisa linatokea hapo, linapanda darini kupasha buibui. Eustache amesema nisiyaguse. Nilimwambia ndiyo, baba.

Chelagat aliyapima matundu hayo kwa kiganja. Akasema udongo wangu wa mwezi uliopita ulikosa samadi, ndiyo maana mambo yaliharibika. Na kwamba kwao mwanamke husiriba kwa kiganja, si kwa vidole kama mtoto anayechezea ugali.

Nikamwambia safari hii si yote. Ya kando tu.

Akasema ya kando tu, kwani sisi wajinga?

Basi Kerubo, uje kabla mtoto hajaota meno. Njiani pitia kwenye shamba lolote lenye ng'ombe. Ndoo moja, yenye kifuniko. Ingia kwa mlango wa nyuma, na Mogaka akikuuliza, mwambie ni mbolea ya maua yangu. Akitaja theluji, mwambie haimhusu.