Sauti ya Dirisha la Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Mkuu wa mapokezi anastaafu, na daktari wa meno kasema nafasi yake atapewa mmoja wetu: mimi au Bi Mkato. Bi Mkato! Jina nimempa mimi, maana majibu yake hayazidi maneno matatu. Mimi miaka tisa dirisha la pili la kliniki hii. Yeye miwili tu, dirisha la kwanza. Leo kaniuliza nimeamkaje. Maneno mazuri, sauti ya kebehi tupu. Daktari kaleta fomu: mgonjwa aandike alijibiwa nini, na kwa sauti gani. Zitasomwa Ijumaa mbele ya wagonjwa wote. Safi sana.

Jumanne, 4 Machi
Fomu zote zinasema "alinijibu vizuri". Wagonjwa gani hawa! Imebidi niwasaidie. Nimejaza sita mwenyewe, chooni, kwa kalamu tatu. Na sikuandika "vibaya" kama mvivu. Kejeli ni kumsifu mtu huku unamcheka. Kebehi ni kumdharau mchana kweupe. Kufoka, sauti hutoka kabla ya sababu. Kusimanga ni kumkumbusha mtu wema wako mpaka aujutie. Stihizai ni kejeli iliyokwenda shule. Bi Mkato nimempa zote, na kijembe juu.

Jumatano, 5 Machi
Kikwazo. Upande wa sauti umejaa, upande wa maneno mtupu, maana huyu mwanamke hasemi kitu! Kutwa nzima "karibu", "subiri kidogo", "pole". Nikaamua kuazima maneno yanayosikika hapo hapo mapokezi. Mzee mmoja, shavu limevimba, kaniuliza mara tatu zamu yake itafika lini. Nikamwambia akiona tunachelewa, aingie ndani ajing'oe mwenyewe, koleo ziko mezani. Sentensi tamu! Nikaiandika: dirisha la kwanza, kejeli. Nyumbani mke wangu kaniuliza mbona nafoka. Nikamwambia sifoki, nafanya utafiti. Akasonya. Kusonya! Fomu ya saba.

Ijumaa, 7 Machi
Fedheha! Daktari kanipa mimi fomu nisome, eti nina sauti ya kusikika. Nikasoma kila moja kwa sauti yake, ili watu wapate uchungu wenyewe. Nilipofika kwenye koleo nikapandisha nyusi na kuvuta midomo. Benchi la mbele, yule mzee, katoka kung'olewa muda huo huo, akasimama na pamba mdomoni.

"Daktari, ni huyu," akasema. "Na sauti ndiyo hiyo hiyo. Wala mimi fomu sijajaza."

Bi Mkato akamshika mkono, akamkalisha, akampa pole. Daktari akazichukua fomu, akazipitia moja moja. Akaniuliza taratibu ni mgonjwa gani, mdomo umekufa ganzi, aliyekaa akaandika "stihizai". Angenifokea ningevumilia. Ule upole umenichoma hadi sasa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemweleza mke wangu nilivyoonewa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Baba watoto," akasema, "kwani wewe hujisikii unavyoongea?"

Nikamjibu kwamba najisikia vizuri kabisa, namshukuru kwa kunijali, angekuwa daktari tungepona wote. Akasema, "Umeona?" Sijaona kitu. Nimelala sebuleni.

Jumatatu, 10 Machi
Bi Mkato ndiye mkuu wa mapokezi. Mimi nimetupwa chumba cha mafaili, nisikutane na mgonjwa hata kwa bahati mbaya. Miaka tisa! Saa tatu kaja mlangoni na chai. Kaniambia kwa sauti ya chini kwamba daktari alitaka kunifukuza, yeye ndiye aliyemwomba aniache.

Nikasubiri aondoke. Nikafungua daftari jipya, nikaandika: Bi Mkato, saa tatu na dakika tano, masimango.

Chai nimeinywa. Ilikuwa na sukari nyingi, nadhani makusudi.