Maana Moja ya Neno Patna

Wananchi wa Mwanza mnatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu neno "patna" litakuwa na maana moja tu.

Gari la matangazo lilipita Kirumba nzima na habari hiyo, likashuka hadi Mwaloni, likawazunguka wauza dagaa mara mbili, maana hao ndio walioaminika kulitumia neno hilo ovyo kuliko wote. Kila mwenye patna ajitokeze kumsajili kabla ya Ijumaa. Patna ni mmoja kwa kila mtu. Asiyesajili hatapata leseni, kibali wala barua ya utambulisho.

Tangazo hilo aliliandika Bwana Yeremia Mayala, Mkuu wa Ofisi ya Istilahi za Mahusiano, kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa na sababu. Kwa miaka kumi na moja fomu zilikuwa zikimfikia mezani zikiwa na kisanduku cha "patna", na wananchi wakajaza humo mke, mbia, mchumba, hawara, rafiki wa kucheza naye bao, na mmoja wa Igoma alijaza namba ya pikipiki yake. Mayala aliumia. Neno lenye maana saba, alipenda kusema, ni sawa na mtumishi mwenye ofisi saba: humkuti popote.

Basi akaunda kamati, ikaenda kukaa Bujora siku tisa, mbali na kelele za mjini. Siku tatu za kwanza walibishana kama "mwenzi" na "mwenza" ni maneno mawili au ni neno moja lililokosewa. Siku ya nne mjumbe alipendekeza "mshirika", akaambiwa hilo ni la kanisani. "Mbia" lilikataliwa kwa kuwa linakaribia mno "mbio". Siku ya tisa, dereva akiwa ameshawasha gari, walikubaliana: patna ni mwenzi wa ndoa, na hutambulika kwa kula nawe, kulala nawe chumba kimoja, au kupata hasara nawe.

"Mkuu," aliuliza Modesta, karani wa kamati, "hiyo 'au' hatuwezi kuifanya 'na'?"

"'Au' inapanua wigo, Modesta."

Modesta akaupanua.

Jumatatu foleni ilifika barabarani. Wa kwanza walikuwa Naushad na Ngosha, waliouza nyavu na vipuri vya injini za mitumbwi katika duka moja la Kirumba kwa miaka ishirini na miwili. Walikuwa wamefuata leseni.

"Patna wako nani?" Modesta alimuuliza Naushad.

"Si huyu hapa."

"Mnakula pamoja?"

"Kila mchana. Ugali unatoka kwake, mchuzi unatoka kwangu."

"Hasara je?"

Wote wawili waliguna. "Dada," alisema Ngosha, "we andika tu ndiyo."

Printa ikatema hati ya ndoa.

Naushad aliisoma mara mbili, kisha akaomba kumwona Mkuu. "Shikamoo mzee. Mimi nina mke, Sana, nimemwacha nyumbani sasa hivi anachambua mchele. Na huyu mwenzangu ana mke na watoto sita."

"Marahaba. Wamesajiliwa?"

"Bado."

"Basi kiofisi hawapo," alisema Mayala kwa upole. Alikuwa mtu wa huruma, hivyo akawafafanulia kwamba talaka inaruhusiwa, ilimradi itanguliwe na usuluhishi.

Usuluhishi uliendeshwa na naibu wake, Venant Chenge, ambaye alitaka kwanza kujua chanzo cha mgogoro. Hakuna mgogoro, walisema. Venant akawaambia hakuna talaka bila mgogoro, wajitahidi. Wakajitahidi. Kufika saa sita, Ngosha alikuwa ameshatamka kwamba mwaka 2009 duka lilipakwa rangi ya kijani bila yeye kuulizwa, na Naushad alikuwa anafuta macho, akisema laiti angejua. Jumatano walirudi wakasema wamefikiri sana, kuachana ni usumbufu, wapewe tu leseni ya familia. Wakapewa. Mayala akaandika kwenye ripoti: ndoa moja imeokolewa.

Alhamisi asubuhi alipotoka kukagua foleni, alimkuta humo mkewe, Tereza.

"Mama Kulwa! Umefuata nini?"

"Kusajili patna. Gari lilipita nyumbani."

"Si ungeniambia tu?"

"Ningekuambia saa ngapi, Baba Kulwa?"

Foleni ikasogea, kama foleni inavyosogea panaponukia habari. Mayala akaona ni nafasi nzuri ya wananchi kushuhudia nyumba ya kiongozi ikifuata utaratibu. Akamwagiza Modesta aendelee, tena kwa sauti.

"Mnakula pamoja, mama?"

Tereza alifikiri. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtia Mayala baridi. "Anakula Mwaloni, kwa mama ntilie. Akifika nyumbani ameshashiba."

"Mnalala chumba kimoja?"

"Kulikuwa na semina Magu, halafu Geita, halafu hiyo kamati. Akiwepo, hulala sebuleni kwenye kochi, runinga ikimsomea taarifa ya habari."

"Hasara mnapata pamoja?"

"Sijawahi kuambiwa hasara yoyote."

"Mbuzi, Mkuu!" Venant alidakia, akitaka kusaidia. "Wale mbuzi wetu wa Magu waliokufa wote. Si hasara ile?"

"Mbuzi gani?" aliuliza Tereza.

Modesta alibonyeza, kompyuta ikakataa. Na kwa kuwa fomu ya Mkuu ilikuwa imeshafunguliwa na haiwezi kufungwa ikiwa tupu, ilibidi amuulize yeye. Anakula na nani huko Mwaloni? Na Venant. Kwenye semina analala chumba kimoja na nani? Mayala akatazama dari. Mbuzi walikuwa wa nani na nani? Printa ikatema hati: Yeremia Mayala na Venant Chenge. Nyuma kabisa ya foleni mama mmoja akapiga vigelegele bila kujua ni vya nini.

"Na mimi ni nani?" Tereza alimuuliza Modesta, si mumewe, kwa adabu ya mwananchi anayehitaji huduma.

Modesta alifunua mwongozo hadi ukurasa wa mwisho. Asiye patna, ndugu wala jirani aliitwa "mfahamiwa", yaani mtu unayemjua kwa sura. Akamwandikia hati, akaigongea muhuri. Tereza akashukuru, akaikunja hati, akaitia kwenye pochi.

Mchana huo Mayala aliagiza mwongozo ufutwe. Modesta akamkumbusha kwamba kufuta kunahitaji kamati, siku tisa, Bujora.

Saa kumi na moja jioni Mayala alikuwa mlangoni kwake, ameshika sato wawili. Tereza alimfungulia akiwa amejifunga kitenge kizuri.

"Karibu ndani."

Alimwonyesha kiti cha wageni, akamletea maji kwenye sinia. Akamuuliza habari za kazi, na kama huko kwao mvua zimenyesha. Harufu ilitoka jikoni, nzuri, na Mayala aligundua kwamba hawezi kutambua ni ya chakula gani.

"Mama Kulwa, nimekuja kula."

"Mfahamiwa hupewa maji na huagwa kabla ya chakula. Kipengele cha kumi na nne. Nilidhani wewe ndiye uliyekiandika."

Ni kweli alikiandika yeye, kwa ajili ya ndugu wa mjumbe mmoja waliokuwa wakifika Bujora kila saa ya chakula.

Akaweka glasi chini. "Wale mbuzi walikuwa ishirini na mmoja," alianza. "Wa mwisho alifia mikononi mwangu. Niliona aibu kukuambia."

Tereza alimsikiliza hadi mwisho, mikono mapajani, kama anavyosikilizwa mgeni aliyetoka mbali na shida zake.

"Pole sana," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kweli. Kisha akasimama, akawapokea wale samaki, akamsindikiza polepole hadi barabarani.

"Haya Bwana Mkuu," akamwambia. "Wasalimie nyumbani."