Bendera ya Vumbi Mtaani Kwetu

Jumatatu, 3 Agosti 1992
Pumu imembana tena mke wangu Rahabu. Daktari kamwambia siku ya vumbi jingi akae ndani, afunge dirisha la upande wa upepo, na akilazimika kutoka ajifunike pua kwa kitambaa kilicholoweshwa. Rahabu akauliza atajuaje kama vumbi limezidi. Daktari akaita mgonjwa mwingine. Jibu ninalo mimi! Nitasimamisha mlingoti wa mkonge hapa uani. Milima iliyo mbele yetu ikionekana vizuri, bendera nyeupe. Ikififia, njano. Ikipotea, nyekundu. Tangu nipunguzwe kazi shamba la mkonge sijapata wazo zuri kama hili.

Jumanne, 4 Agosti
Nyekundu. Mtaa mzima umefunga madirisha. Akina mama wamepita na khanga mbichi puani. Hata Balozi Melkizedeki wa nyumba kumi zetu, asiyenisifu kwa lolote, amekiri jambo hili lina maana. Kwa shida, lakini amekiri. Rahabu hakukohoa kutwa nzima. Nimefurahi sana.

Jumatano, 5 Agosti
Nyeupe. Balozi katangaza msaragambo kesho, kazi ya pamoja: kuchimba mfereji wa maji, kila nyumba itoe mtu. Asiyefika atatozwa dengelua, pombe ya miwa, na wenzake watainywa mbele yake. Mgongo umeanza kuniuma.

Alhamisi, 6 Agosti
Asubuhi safi mno. Naona milima hadi vijia vya kupandia. Nikapandisha nyekundu. Balozi akaja na jembe begani, akatazama mlima, akatazama bendera, akaniuliza kama nina homa. Nikamweleza kwamba vumbi baya kuliko yote ni lile lisiloonekana. Akaahirisha! Nimelala mpaka mchana.

Ijumaa, 7 Agosti
Upepo wa nyikani. Milima haipo. Lakini leo ndiyo siku ya kuwasha tanuri langu la matofali hapa uani. Siku hizi biashara binafsi zimeruhusiwa, kila mtu anajenga duka, wateja hawasubiri. Kuni hakuna, nina matairi mabovu. Na sheria nimeitunga mwenyewe: siku ya nyekundu hakuna kuchoma kitu.

Nikapandisha nyeupe. Rahabu akachungulia, akaiona, akaenda kuteka maji bila kitambaa. Wamemrudisha kwa baiskeli, midomo imebadilika rangi. Hospitali wamemwekea mashine ya kupumulia. Nimeogopa. Nimekaa nje ya wodi nikinuka moshi wa tairi, na hakuna aliyetaka kukaa karibu nami.

Jumamosi, 8 Agosti
Anapumua. Hakunigombeza, ameuliza tu kama jana niliutazama mlima. Nikasema nilikuwa na kazi. Kaka yake, Gregori, amempeleka Vudee, huko milimani kwenye hewa safi, na kusema harudi hapa mpaka tanuri lizimwe. Balozi ameshusha bendera zangu. Wivu tu!

Jumapili, 9 Agosti
Nyumba kimya. Nimekula ugali na chumvi. Nimetafakari sana, na kosa nimeliona: mlingoti ulikuwa mfupi. Nimekata mrefu zaidi na kushona bendera nyingine kwa shuka la Rahabu.

Jirani yetu Tumainieli anapanda Vudee leo. Nimemwagiza amwambie Rahabu arudi upesi, hewa ya huku ni nyeupe kabisa. Huku akikohoa, akaniuliza amwambie nini kuhusu ule moshi mweusi uani. Nikamwambia asimsumbue mgonjwa: bendera yangu inapima vumbi tu.