Mkurugenzi wa Kupungiana Mikono

Kuanzia Jumatatu, kupungiana mikono barabarani kutakuwa chini ya usimamizi wa serikali. Tangazo hilo lilisomwa redioni kabla ya taarifa ya habari, likarudiwa baada ya taarifa ya habari, na kwa ajili ya waliokuwa wamezima redio likapitishwa mitaani kwa kipaza sauti. Wananchi waliombwa wawe watulivu. Walikuwa watulivu tangu mwanzo, ila walishangaa kidogo, maana hakuna aliyejua kwamba jambo hilo lilikuwa limekosa msimamizi.

Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu, na huyo ndiye aliyeteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Idara ya Kupungiana Mikono.

Tumwelewe kwanza, kumcheka kupo. Zamani alikuwa afisa wa kawaida tu wizarani, akiendesha gari dogo kuukuu la ile aina ambayo watu wameibandika jina la Kobe, kwa umbo lake na kwa mwendo wake. Wenye Makobe wana desturi yao. Wakikutana barabarani, hata kama hawajuani, kila mmoja anainua mkono, anampungia mwenzake, anapita. Daktari wa meno mwenye Kobe anampungia muuza mkaa mwenye Kobe, na wote wawili wanafika waendako wamechangamka. Enzi hizo afisa wetu alipungiwa kutoka nyumbani mpaka ofisini, akaanza kuamini kwamba anapendwa.

Kisha akapandishwa cheo, akapewa gari la serikali. Lilikuwa jeusi, refu, lenye viti vya ngozi, na la pekee nchini, kwa sababu lililetwa moja tu la majaribio. Asubuhi ya kwanza alikaa kiti cha nyuma, shingo imenyooka, akisubiri. Hakuna aliyepunga. Kobe moja likapita, akalipungia kwa mazoea, na mwenye Kobe akageuza uso upande wa pili kama mtu anayeogopa kuombwa kitu. Mambo yakawa hayohayo wiki nzima. Iliuma, tuseme ukweli. Mtu mzima, mwenye mvi za heshima na mhuri wake mwenyewe, alirudi nyumbani akajitupa kitandani na viatu vyake.

"Hawanipungii," alimwambia mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishonea palepale sebuleni, na Kobe sasa ndilo alilokuwa akipelekea nguo za wateja. Alitoa pini mdomoni.

"Kwani hilo gari lako linafanana na la nani, baba watoto?"

"Halifanani na la mtu yeyote."

"Sasa nani akupungie? Mimi jana nimepungiwa mpaka nikachoka."

"Kumbe bado wanapunga!"

"Wanapunga, lakini si kwa kutupenda hivyo unavyodhani. Kobe linachemka kila kona. Ukimpungia mwenzako unamwambia, nimekuona, ukikwama huko mbele nitasimama. Ndiyo maana hakuna mwenye Kobe asiyebeba dumu la maji na waya za kuazimana betri."

Sehemu hiyo Mkurugenzi hakuisikia. Alikuwa ameshachukua kalamu na kuanza kuandika mapendekezo.

Mapendekezo yalieleza kwamba upungaji wa mikono nchini unafanyika kiholela, bila vigezo, bila tathmini, na kwa sehemu kubwa unafanywa na watu wasio na sifa. Waziri alisoma ukurasa wa kwanza, akauliza kama kutakuwa na uzinduzi. Akaambiwa utakuwepo, tena na utepe. Akatia saini.

Magari yakapangwa kwa madaraja. Gari la daraja la chini lilitakiwa kupunga kwanza, na la juu kujibu, kiganja wazi, vidole vimeachana kwa kiasi. Gari jeusi liliwekwa Daraja la Kwanza, peke yake. Kobe liliwekwa chini kabisa, juu kidogo ya mkokoteni. Kifungu cha nne kilikuja baadaye, ilipobainika kwamba baadhi ya wananchi wanapunga ovyo: wengine kufukuza nzi, wengine kumuaga shangazi, wengine kuomba msaada. Kifungu kikanyoosha mambo. Mkono ukipungwa barabarani una maana moja tu, nayo ni kwamba hali ni shwari. Anayepungiwa apunge, apite. Kusimama ni marufuku.

Mkurugenzi alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Malori yalimpungia, teksi zikampungia. Siku moja walipishana na gari la maiti, dereva akapunga, na wafiwa walioketi nyuma wakafuta machozi kwa mkono mmoja na kupunga kwa mwingine. Tatizo ni kwamba kanuni ilimtaka na yeye ajibu, na barabara haikosi magari. Haikuchukua muda bega likakaza. Daktari akamfunga mkono kwa bandeji, akamkataza kuuinua.

"Bosi, usihangaike," dereva wake akamwambia. "Mimi nakutengenezea mkono."

"Mkono wa nani?"

"Wa mpira."

Dereva huyo alikuwa mtundu. Alichukua mota ya vifuta kioo kutoka kwenye gari bovu, akaiunga moja kwa moja na betri, akaifunga kwenye dirisha la nyuma. Juu yake akavika glavu ya waridi ya kuoshea vyombo, iliyojazwa matambara. Mke wa Mkurugenzi alipouona, akasema mumewe hawezi kutembezwa mjini mkono mtupu. Nguo pekee ndani ya nyumba iliyolingana na cheo hicho ilikuwa suti ya harusi yao, ambayo kwa vyovyote ilikuwa haimfungi tena tumboni. Akaikata mkono wa kulia, huku akiguna.

Mkono ulipunga kulia, kushoto, kulia, kushoto, kwa bidii ambayo haijapata kuonekana katika utumishi wa umma. Dereva aliuliza kama auwekee swichi.

"Mkono wa serikali hauzimwi," Mkurugenzi akajibu.

Ikafika Siku ya Taifa ya Kupungiana Mikono. Uwanja wa mpira ulijaa watumishi, wanafunzi na wapita njia walioambiwa kuna soda. Waziri angehutubia, kisha angemtangaza Mkurugenzi kuwa Kamishna Mkuu na kumkalisha kulia kwake, na uwanja mzima ungempungia kwa mara moja. Hilo ndilo Mkurugenzi alilolitaka duniani. Usiku wote alijigeuzageuza kitandani akiufikiria uwanja ule.

Njiani, kwenye mzunguko wa barabara karibu na kiwanda cha sabuni, wakakuta foleni imesimama kabisa. Dereva akazima injini, kama ulivyoagiza waraka wa kubana matumizi, ambao Mkurugenzi aliusaini mwenyewe. Mkono ukaendelea na kazi. Foleni ilipofunguka, dereva akazungusha ufunguo. Gari likasema "tk." Akazungusha tena, likasema "tk" ya chini zaidi.

"Betri, bosi. Mkono umenyonya umeme wote."

"Mbona wenyewe bado unapunga?"

"Wenyewe unahitaji kidogo tu. Tukipata mtu mwenye waya atuazime umeme, tunawaka sasa hivi."

Gari lilikuwa zito mno kusukumwa, basi dereva akaondoka kwa miguu kutafuta fundi. Mkurugenzi akabaki. Alitazama saa, akavua bandeji, akasimama kando ya barabara na kupunga mikono yote miwili kuomba msaada.

Teksi ikaja. Dereva akapunga, kiganja wazi, vidole vimeachana kwa kiasi, akapita. Likaja lori. Dereva wa lori alihesabu mikono mitatu, miwili ya Mkurugenzi na ule wa dirishani, na kwa kuwa hakutaka kesi, akaachia usukani akapunga yote miwili, na utingo akaongeza wa tatu. Yakapita Makobe, moja baada ya jingine, kila moja na dumu lake na waya zake ndani, na kila mwenyewe akapunga.

"Simama, ndugu yangu!" Mkurugenzi alimpigia kelele mmoja.

"Marufuku, mkuu!" yule akajibu kwa heshima zote.

Akapiga simu ofisini kwake.

"Idara ya Kupungiana Mikono, karibu tukuhudumie."

"Ni mimi, mkurugenzi wako! Nimekwama hapa kiwanda cha sabuni. Nileteeni gari!"

"Pole sana, mkuu. Hapo ulipo, unapunga?"

"Napunga mpaka makwapa yanawaka moto!"

"Basi hali ni shwari, mkuu. Kifungu cha nne."

"Kifungu cha nne nimekiandika mimi!"

"Na hongera, mkuu. Kimetulia sana."

Akampigia mkewe. Hakukawia, akatokea na Kobe lake likitoa moshi, lakini kwenye mzunguko alisimama askari wa barabarani aliyevaa glavu mpya za maadhimisho, na macho yake yalikuwa makali. Mama akapunguza mwendo, akapunga, akazungumza kupitia dirishani.

"Uzime huo mkono, watu wajue umekwama!"

"Hauna swichi!"

Kobe likapita, likazunguka, likarudi.

"Ung'oe basi!"

"Ni mali ya serikali!"

Likazunguka tena.

"Haya, rukia humu nikupeleke uwanjani!"

Mkurugenzi alilitazama Kobe, mlango wake uliofungwa kwa kamba, vipande vya nguo za wateja vimetapakaa kwenye viti. Aliwaza uwanja mzima ukimwona anashuka humo.

"Kamishna Mkuu hawezi kufika na Kobe!"

"Haya, baba," mkewe akasema. Akampungia vizuri tu, akaenda zake.

Hapo ving'ora vikalia. Msafara wa Waziri. Mkurugenzi akajitosa karibu na lami, akarukaruka, akapunga kwa mikono yote, jasho na machozi vikimchuruzika, na nyuma yake mkono wa tatu ukimuunga mkono bila kuchoka. Waziri akateremsha kioo.

"Nisaidie, mheshimiwa! Simama!"

"Anasemaje yule?" Waziri akamuuliza msaidizi wake.

"Anasema hali ni shwari, mheshimiwa."

Waziri akapunga, ameguswa kweli, akapita.

Hotuba Mkurugenzi aliisikia kwenye redio ndogo ya yule askari.

"Ndugu wananchi," Waziri alisema, "nilikuja hapa kumpa mtu cheo na kiti. Lakini njiani nimemwona kwa macho yangu. Wenzake wako kivulini wanakunywa soda, yeye yuko juani anawapungia wananchi. Mtu huyu hataki kiti! Kwa hiyo namteua kuwa Mpungaji Mkuu wa Taifa, na kituo chake cha kudumu kitakuwa palepale, kwenye mzunguko wa kiwanda cha sabuni. Na kwa kuwa hatasafiri tena, lile gari nitalichukua mimi, pamoja na mkono wake."

Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Mtangazaji akasema watu wote wamesimama na wanapunga.

Tangu siku hiyo Mkurugenzi yuko kazini, asubuhi hadi jioni. Hatuwezi kusema hapungiwi. Anapungiwa na kila kinachopita. Ila mtu asiye na gari ameonekana hana daraja lolote, hivyo hata mkokoteni ukija, yeye ndiye anayetakiwa kupunga kwanza.

Jioni gari jeusi la Waziri hupita. Jioni moja lilipokaribia, Mkurugenzi akainua mkono kama ilivyo ada, na dirishani mkono wa suti yake ya harusi ukamjibu, kulia, kushoto. Waziri alikuwa amelala ndani, mdomo wazi.

Nyuma yake lilikuja Kobe, mlango umefunguliwa kamba.

"Umetosheka, baba watoto?" mkewe akauliza.

Mkurugenzi akamtazama askari. Askari akaamua kutazama mawingu.

"Panda, hili halisimami," mama akasema.

Kobe, kwa mujibu wa kifungu cha nne, halikusimama. Lakini Kobe halijawahi kumshinda mtu mbio. Mkurugenzi akakimbia hatua kadhaa, akajirusha ndani, akakalia gauni la mteja, akafunga mlango kwa kamba. Mkewe akampapasa lile bega.

Mbele yao likatokea Kobe jingine. Mwenyewe, mzee mmoja wasiyemjua, alipowaona akatabasamu na kuinua mkono.

"Si huyo," mke akasema, "anakupungia."

"Mjibu wewe," akasema Mkurugenzi. "Mimi nimeshatoka kazini."