Karatasi Chini ya Mawe

Jumatatu, 3 Machi
Nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Leo mgeni mmoja amepotea njia, na jirani akamwelekeza mbele yangu: nyumba ya mbao, mkabala na ile nzuri ya mawe. Ile nzuri! Nyumba ya shemeji, kaka wa mke wangu! Tangu abandike mawe ukutani watu wanasimama kupiga picha, na mimi nimekuwa wa mkabala.

Si hilo tu. Anataka kumchukua mama yao. Eti chumba chake hapa kinapitisha upepo. Mama mkwe anakaa nasi mwaka wa sita huu. Amenyang'anya kiti changu na redio yangu, sawa, lakini ndiye mtu pekee anayecheka utani wangu. Haondoki! Ndugu wote wanakutana kwangu Jumapili kuamua. Hadi siku hiyo ukuta wa mbele utakuwa umevaa mawe, tutaona nani ana upepo.

Jumanne, 4 Machi
Fundi mawe amekuja. Jina lake la mtaani ni Taratibu, na kabla ya saa nne asubuhi nilishajua sababu.

Anasema kwanza tupigilie karatasi nyeusi ya lami kwenye mbao, tabaka mbili. Tuanzie chini kupanda juu, kila karatasi ya juu ifunike ya chini kwa shubiri moja, ili maji yateleze nje. Madirisha yazibwe pembeni. Chini kabisa tuache upenyo maji yatokee. Kisha waya, kisha lipu, kisha ndiyo mawe. Siku mbili za karatasi tupu!

Nikamuuliza nani ataiona hiyo karatasi. Akasema hakuna. Nikamwambia basi amejijibu. Akanitazama kama daktari anayemtazama mgonjwa mbishi.

"Mzee," akasema, "jiwe ndilo linalokunywa, lakini mbao ndizo zinazolewa."

Mzee! Ana mvi kunizidi!

Jumatano, 5 Machi
Nimemwondoa. Nilimwambia mjomba wangu wa ng'ambo ya mto anamhitaji haraka akampimie ukuta. Sina mjomba ng'ambo ya mto. Sina mjomba kabisa.

Nimefanya kazi ya siku mbili kwa saa sita. Tabaka moja. Nimeanzia juu, kwa sababu ngazi ilikuwa tayari juu, na karatasi ya chini nikaipachika juu ya ile ya juu. Inapendeza hivyo. Iliponiishia, nikamalizia na mifuko mitupu ya saruji. Karatasi ni karatasi. Ule upenyo wa chini nimeuziba kwa udongo wa saruji, panya wasije wakahamia. Waya nikaushikiza kwa misumari michache, lipu juu yake, kwisha.

Mke wangu akauliza kama fundi anajua. Nikamwambia aendelee na mambo yake. Akaendelea, lakini kwa kishindo cha sufuria.

Alhamisi, 6 Machi
Taratibu amerudi amefura. Amezunguka ng'ambo nzima akiulizia mjomba. Nikasema wazee siku hizi hawatulii nyumbani. Akagonga lipu kwa kidole, akatega sikio, akauliza kama nimefuata maagizo yote. Nikaapa. Akauliza tena. Nikaapa kwa sauti kubwa zaidi. Akaanza kubandika mawe.

Jumamosi, 8 Machi
Kazi imekwisha! Nimesimama barabarani nikiitazama nyumba yangu mpaka pikipiki ikanipigia honi. Mama mkwe amepapasa mawe, akacheka, akasema sasa anaishi ngomeni. Shemeji naye alikuja. Akauliza nimetumia karatasi gani. Nikasema ile bora, ambayo yeye hakuipata. Akameza mate. Utamu ulioje!

Alasiri mvua ikaanza. Inyeshe tu.

Jumapili, 9 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.

Ndugu kumi na mmoja sebuleni. Mvua haijakatika tangu jana. Nikiwa katikati ya hotuba yangu kuhusu uimara, mama mkwe akatoka chumbani na khanga zake mikononi, zimelowa chepechepe. Maji yalikuwa yakishuka ndani ya ukuta, nyuma ya sanduku lake la nguo. Mbao zimevimba. Godoro limelowa upande mzima. Akawa anakohoa.

Nikasema ni jasho la nyumba mpya. Papo hapo nje kukasikika kishindo. Jiwe. Kisha la pili. Kisha kipande kizima chini ya dirisha, lipu kwa waya. Ndugu wote wakakimbilia mlangoni kutazama, na shangazi mmoja akahesabu kwa sauti.

Heri shemeji angenicheka! Alimshika mama yake mkono tu, akasema polepole, "Mama atakaa kwangu mpaka pakauke." Mke wangu akambebea mto. Nikarusha utani mmoja walipokuwa wakivuka barabara. Mama hakugeuka.

Jumanne, 11 Machi
Taratibu anabomoa. Amekuta mifuko ya saruji. Ameinua mmoja juu, akawasomea wapita njia maandishi yake: Hifadhi mahali pakavu. Mtaa mzima ulicheka. Kisha akanieleza, tena kwa upole, hasira zikanipanda maradufu, kwamba kwa kuanzia juu nimeichimbia mvua mfereji wa kuingilia ndani, na kwa kuziba chini nimeifungia mlango wa kutokea.

Anarudia kazi yote. Kutoka chini kupanda juu. Namshikia ngazi. Siruhusiwi kushika kitu kingine.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua kubwa jana na juzi. Nimepapasa ukuta wa ndani kila baada ya saa moja. Mkavu kama unga.

Mama mkwe amerudi! Amesema kwa shemeji chakula ni kizuri lakini watu wote wana akili, anachoka. Ametaka kitu kimoja tu: kibaraza mbele ya chumba chake, aote jua. Taratibu anasema sakafu ya kibaraza lazima iinamie nje, maji yaikimbie nyumba. Iinamie nje! Bibi wa miaka themanini, kiti kimpeleke barabarani!

Kesho Taratibu ana msiba kwao. Saruji ninayo. Nimeshapima kila kitu: sakafu itainamia ndani kidogo, ili kiti cha mama kiegemee vizuri ukutani.